Nyuzi za Shemeji

Nina magita mawili, yote ya mkono wa Eleodoro Catrileo,
fundi wa Collico, hapa Valdivia
ambako mvua haiulizi msimu.
La kwanza ni la nyuzi za chuma, lina kifua kipana,
linaongea kama soko.
La pili ni la nailoni. Uso wake ni mbao ya alerse
iliyokuwa mlango wa shule
hadi tetemeko lilipoipigisha shule magoti.
Ukiinamisha pua kwenye tundu la sauti
bado unanusa chaki. Au najidanganya.
Nililipa miezi kumi na minne, kwa ujira wa dobi wa hospitali,
na najidanganya nipendavyo.

Sikukuu ya Septemba, Rigoberto, mume wa dada yangu,
akalivua nyuzi zake laini, akalivisha za chuma.
"Lipaze sauti," akasema, "lisikike ng'ambo ya mto."
Lilisikika.
Lilipiga kelele kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake,
nasi tukacheza. Nami nilicheza, sitaficha.

Alfajiri ya tatu, nikiwa jikoni, nikasikia: ko!
Kama kifundo cha kidole kikigonga meza mara moja.
Daraja lilikuwa limeng'oka.
Husemwa kamba hukatikia pabovu.
Hapa kamba haikukatika; kilichoachia ni ubao
ambao haukuwa na ubovu wowote.

Eleodoro hakunifokea. Afadhali angenifokea.
Aliingiza kioo cha daktari wa meno tumboni mwa gita,
akakagua mbavu, moja moja, akisonya.
"Huyu alizaliwa abebe mtoto," akasema. "Mmempakia gunia."
Wiki tatu za vibano na gundi ya ngozi.
Kisha akanipa pakiti ya nyuzi, akaniachia kiti chake.
"Funga mwenyewe. Mikono ikijua, mdomo utakumbuka kukataa."

Uzi wa sita kwanza, mnene, uliovikwa waya wa fedha:
upitishe tunduni, uurudishe, uuzungushe chini ya shingo yake wenyewe,
mara moja yatosha.
Wa kwanza ni sabuni.
Huo uusokote mara tatu, na mkia wake ufie nyuma ya ukingo,
si juu. Ukifia juu
utafunguka usiku na kuchapa mbao kama mjeledi.
Ncha nikaichoma kwa kiberiti, ikajikunja punje nyeusi.
Nikakosea. Nikafungua. Nikakosea tena.
Yeye alikuwa anamenya viazi, wala hakugeuka.

Nailoni haina haraka ya kukubali.
Unaikaza jioni, asubuhi imeshuka nusu sauti;
unaikaza, unaenda kazini, unafua mashuka mia mbili,
unarudi, imeshuka.
Siku ya tano ikasimama.
Nikagusa uzi mmoja, ule wa chini,
nikauacha hadi ukaisha wenyewe.

Tumbo lake halijarudi sawa.
Ukilaza rula, mwanga unapita upande wa kushoto,
mwembamba kama ukucha uliokatwa.
Na ndani, kwa penseli, chini ya jina lake na mwaka,
fundi ameongeza maneno mawili:
Chuma hapana.

Jumapili Rigoberto alikuja na chupa ya chicha ya tufaha.
Akakaa akiukodolea macho ukuta lilikotundikwa.
Nikampa lile la chuma. Akapiga.
Ni mpigaji hodari, hilo nalo niliseme.
Wakati wa kula nikatoa jibini,
nikalikata kwa uzi niliofunga vipini viwili vya mbao.
Ukapita bila kusita,
kipande kikalala kwenye sahani yake.
"Uzi mzuri huu," akasema shemeji.
Nikamwambia, "Ni wako."