Baki Litajijua

Saa tano usiku, Tabata Segerea.
LUKU imebaki yuniti mbili na nukta kadhaa,
feni nimeizima ili laptopu ipate kula.

Toleo la pili limeshazikwa, wenyewe wametangaza:
halitatibiwa tena, hata likikohoa.
Kwa hiyo nahamisha. Faili mia moja na kumi na nne,
programu huria ya stoo za dawa,
iliyoandikwa Mtaa wa Swahili, juu ya duka la vitenge,
na mtu anayejisaini M. Shekilindi,
anayeacha maneno bila mabano
kwa sababu zamani hayakuwa lazima.

Mabano nafunga. Herufi nazichambua kama mchele:
hili ni neno,
hii ni baiti tu iliyojivika neno.
Jina la mtunza stoo, Ng'washi, linakatika palepale kwenye ng',
kama mgeni anavyokwama kulitamka.

Halafu mstari wa mia sita na kumi na mbili ukanigomea.
Zamani saba ukiigawa kwa mbili ulipata tatu,
na hakuna aliyeuliza.
Toleo jipya halitaki. Tatu na nusu, linasema,
tatu na nusu,
kama mdai aliyekaa mlangoni.
Lakini boksi la dawa ya malaria halipasuliwi
kati ya Buza na Yombo Vituka.

Tiba naijua, ni mkwaju mmoja tu,
mkwaju wa pili ubavuni mwa ule wa kwanza,
na nusu inaanguka, kimya, kama zamani.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe
nilipoona alichoandika pembeni:
*Baki litajijua.*

Litajijuaje? Miaka kumi na moja,
kila mwezi boksi moja lisilo na mwenyewe!
Namba yake ya simu ipo mwanzoni mwa faili.
Nikampigia usiku ule ule, bila haya.

"Ah, hilo," akasema, sauti ya mtu aliyeamshwa
lakini hajakasirika.
"Orodha ilikuwa ya wenye kadi.
Ng'washi alikuwa na watu wake wasio na kadi,
wabeba zege, waokota chupa,
yule wa gesti asiyetaja jina.
Ningeliandika, wakubwa wangelihesabu.
Wangelihesabu, wangelichukua."
Akanyamaza. Kisha akacheka:
"Kumbe bado inatembea?"

Inatembea, mama. Inachechemea.

LUKU ikaanza kulia. Nikaweka mikwaju miwili.
Jaribio likapita, kijani,
nami nikakitazama kijani kile muda mrefu
kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

Sentensi yake sikuigusa.
Chini yake nimeandika, kwa ajili ya atakayekuja
na toleo la nne, na haraka zake:
*Linajulikana lilipo. Usilitafute.*