Banda la Video, Nyalenda

Kiingilio shilingi ishirini. Naibu chifu halipi,
huketi mbele, karibu na feni.

Kwenye skrini mfalme wa sayari kavu
anawauzia raia hewa kwa kopo.
Aduda, mkalimani wetu, akashika maiki:
"Hewa ipo, wananchi. Ni mfereji tu umeharibika,"
kisha akakohoa, kikohozi tunachokijua.

Banda likalipuka. Mama Apondi,
madumu yake matupu mlangoni tangu Jumanne,
alicheka hadi akajifuta kwa leso.
Naibu chifu naye alicheka. Sana.
Halafu akageuka, akatutazama
mmoja mmoja, kama anayehesabu mbuzi.

Filamuni waasi walikuwa wanashinda.
Sisi kimya.

Asubuhi, kufuli jipya mlangoni;
na maji, ajabu, yakatoka,
kwa saa moja tu,
rangi ya chai.