Q na X

Madam Khavugwi alirudisha kurasa kutoka Mbale
zimekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya benki.
Kwa kalamu ya kijani (nyekundu, husema, ni ya polisi)
alikuwa amezungushia kila nilichodhani ni alama ya usemi,
na pembeni: Akeyo, hii ni hesabu?

Kweli, nilikuwa nimebonyeza «ndogo kuliko» mara mbili,
na mwishoni «kubwa kuliko» mara mbili,
nikaona zinafanana, nani atajua.
Yeye akajua.
Miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kifaransa
kule mvua inapopiga mabati hadi mwalimu akanyamaza.
Akanipigia simu.
Muuza ndizi wa ukurasa wa tisa anataja bei yake,
nawe unamtanguliza kwa ndogo kuliko, ndogo kuliko?
Mdogo kuliko nani?

Sikuwa na jibu.
Nje, mafundi wa Kibuye waligonga masanduku ya bati
kana kwamba nao wanangoja.

Basi nikajifunza tarakimu:
sifuri moja saba moja kufungua,
sifuri moja nane saba kufunga,
kidole gumba kimekandamiza Alt
kama mtu anayeziba bomba lililotoboka.
Semi mia tatu na kumi na mbili.
Kufika ya arobaini, mkono haukuwa wangu.

Ndipo nikaitazama kibodi
kama mtu anavyoitazama miguu yake baada ya safari.
A imefutika. I imefutika. K na N ni vivuli.
Lakini Q inang'aa kama siku iliyotoka dukani,
na X, kule chini, haina hata mkwaruzo wa kucha.
Kiswahili hakiziiti. Kijaluo hakiziiti.
Kiingereza huzikumbuka mara moja moja, kama wajomba wa Mombasa.
Herufi mbili zimekaa kivulini
wenzao wakilima.

Nikafungua mipangilio, nikapita vyumba vyake vyote,
nikaamuru: Kontroli na Q, fungua usemi.
Nikabonyeza.
Programu nzima ikazimika, hata kwaheri hakuna.
Kumbe Q alikuwa na kibarua cha siri, kufunga duka,
na ameondoka na ukurasa wa tisa hadi wa kumi na nne,
na muuza ndizi, na mteja wake mbishi.
Njia ya mkato, nikasema, umenikata.

Chai ilikuwa imepoa. Nikainywa hivyo hivyo.
Kisha upya, na Alt safari hii:
Alt na Q, fungua. Alt na X, funga.
Nikabonyeza jicho moja limefumbwa.

«

Hizo si ndogo kuliko.
Ni viwiko viwili vya mtu anayepenya umati
ili naye asikike.
Na kati ya kiwiko na neno Wafaransa huacha upenyo
usiokatika hata mstari ukiisha.
Nao nikaupachika humo humo, kibonye kimoja,
upenyo wa kumeza mate kabla ya kusema.

Saa kumi na moja muuza ndizi alikuwa amerudi,
hapunguzi hata shilingi.
Kutoka Mbale ukaja ujumbe mfupi: Sasa nawasikia.
Hela, akaongeza, ni mwisho wa mwezi.

Sikumwambia mtu kuhusu Q na X.
Ijumaa Ogwel akakalia mashine yangu,
ana ratiba ya mazishi ya Seme, nakala mia mbili, za haraka.
Sijui kidole chake kilitafuta nini.
Akaniita: Akeyo, njoo uone.
Juu ya ukurasa, chini ya picha ya bibi mwenye kilemba,
mbele kabisa ya jina la marehemu,
viwiko viwili vimefunguka,
na upenyo wake,
na kishale kinapepesa.

Nifute? akauliza.

Nikamwambia ngoja.
Ngoja kidogo tu.