Kitufe cha Kijani

Ruwi, saa tano, kiyoyozi kinakohoa.
Bi Thuwaiba ananyoosha kidole, hagusi kioo:
"Hicho cha kijani kimeandikwaje, mwanangu?"
Kizungu, namwambia. Maana yake, huisha.

"Huisha?" Anacheka hadi ushungi unateleza.
"Kadi huisha, umri huisha, mchele huisha.
Na hilo nalo nilipie riali?"

La, Bi, ni huisha nyingine,
ya kukipa uhai kilichokwisha.
Sisi twaziandika sawasawa, herufi kwa herufi,
msomaji ajijue.
Wazungu hawana utani huo:
wamelishona "tena" mbele ya "mpya",
wakapata kitenzi.
Nacho hakisimami peke yake, chataka yambwa:
leseni, mkataba,
kiapo cha ndoa kwa wenye moyo.

Akanyamaza. Akafungua kipochi,
akatoa kadi ya pili, kona imeliwa,
Mzee Muhenna na kofia yake ya mkono
akitazama kamera kama anayeidai.

"Na hii?"

Nikaiweka penye mashine. Ikalia mara moja.
Kadi ilikuwa na miaka miwili mbele yake.
Mwenyewe tulimzika Amerat, mwezi wa Safar.

Hii, Bi, nikasema,
nikatafuta kitenzi, sikukipata,
hii haijaisha.

"Alhamdulillahi," akasema, akairudisha kipochini,
upande wa ndani, penye zipu.

Yake ikatoka ingali moto.
Akaishika kwa ncha za vidole
kama kaa la chetezo,
akaipuliza.