Au Siku Ishirini na Moja

Karatasi ni moja tu, imekunjwa mara mbili,
wino wa mhuri umeshika kidole cha baba.
Utekelezaji unasitishwa, inasema,
hadi rufaa itakaposikilizwa, au siku ishirini na moja,
kitakachotangulia.

Kitakachotangulia. Wakili Sorlie alilirudia neno hilo
kwenye ngazi za mahakama, mvuke ukimtoka kinywani,
kama daktari anayetaja dozi.

Jumanne, Idara ya Magari ilituma mtu na bisibisi.
Akaing'oa leseni ukutani, fremu na vyote,
ikabaki alama nyeupe ya mraba
kwenye mbao zilizokolea moshi wa sigara za babu.
Leo Ijumaa tumeirudisha. Haikai sawa.
Imeinama upande, kama mgeni
asiyejua kama ataambiwa alale.

Magari thelathini na manne chini ya theluji.
Orrin Halvorsrud, miaka sitini na tisa,
anayafagia kwa ufagio wa jikoni, paa kwa paa,
na leo anapiga mluzi.

Bi Ione Brekke amefika kabla hatujawasha hita.
Mumewe husafishwa damu mara tatu kwa wiki,
maili arobaini kwenda, arobaini kurudi,
na arubuni yake tunayo tangu mwezi jana.
Naruhusiwa kulichukua? anauliza.
Leo, ndiyo.
Namchapia namba ya muda, ya karatasi, siku thelathini,
naibandika kwenye kioo cha nyuma.
Karatasi yake itaizidi yetu umri kwa siku tisa.

Sharti la tatu la amri: kila asubuhi
maili za kila gari ziandikwe kwa mkono, zitiwe sahihi.
Mkono ni wangu mimi, Maren,
maana wa baba ndio unaolalamikiwa.

Ni lile pikapu jekundu.
Lililala na maili laki moja na themanini elfu,
likaamka na elfu tisini.
Baba ameapa kwamba alilitoa mnadani hivyo hivyo.
Kiapo nilikichapa mimi,
herufi kwa herufi, sikukosea hata nukta.
Hakimu kaandika kwamba ipo hoja ya kusikilizwa.
Hakuandika zaidi.

Amri ya muda haikwambii una haki.
Inasema tu nyumba isibomolewe
wakati mwenyewe yumo ndani anabishana.

Droo ya chini, nyuma ya stakabadhi na gundi,
kuna kisanduku cheusi chenye waya na plagi ndogo.
Sijauliza ni cha nini.
Njia ya mwongo fupi:
yetu imepungua maili elfu tisini.

Jumamosi. Mstari wa pili, gari la tatu:
112,406. Jana, 112,406.
Halijasogea hata inchi, na lazima niape halijasogea.
Baba anapita dirishani na ufagio wake,
ananipungia.
Nainua kalamu, ndiyo iliyomo mkononi.