Tanuri la Kushoto

Kibandani walitaka kumpunguzia baba nauli ya kuingia
kwa sababu ya mvi. Akakataa.
"Zamani nililipwa kuingia humu," alisema.
"Leo nitoe nusu?"

Gugu maji limefika hadi kwenye nanga,
limesimama kijani, limebanana,
abiria wa meli isiyong'oa tena.

Odero Mbuya, tochi mkononi, maneno ya kukariri:
daraja la kwanza huku, vitasa vya shaba,
vijiko vyenye herufi za reli,
kengele ya kumwita mpishi Mgoa.
Daraja la tatu ni sitaha, na pamba, na ng'ombe.
Baba anapita upesi. Hayo hakuwahi kuyaona.
Miaka kumi na tisa alikuwa chini ya zulia hilo.

Ngazi ya chuma. Anashuka kinyumenyume, gizani,
miguu ikihesabu: kumi na moja, kumi na mbili,
ya kumi na tatu anairuka.
Ilivunjika mwaka wa mafuriko.

"Kumbe mzee unaijua!"
Hajibu. Ameweka kiganja kwenye mlango wa tanuri
namna unavyompima mtoto homa.

Odero, kwa kutaka kutupendeza, akasimulia
kuwa ng'ambo ipo meli ya kutazamwa kama hii,
nyeupe kama yai la bata,
iliyobeba abiria na shehena kwa nguvu za atomu.
Haikuwa na makaa. Haikuwa na moshi.
Wageni husogezwa kwenye kioo kinene
wakachungulia pale moto ulipokuwa.

Baba akafikiri. Maji yakagonga ubavu, mara mbili.
"Na moto huo, nani aliulisha?"
Hakuna, mzee. Ulijila wenyewe.
"Nani alilala karibu nao?"
Odero akaitazama tochi yake.

"Basi ulikuwa mpweke," baba akasema.
"Huu wa kushoto tulimwita Nyar Asembo.
Kisumu hadi Bukoba alikula usiku kucha,
hakusema asante hata siku moja.
Otwori alimwimbia. Mimi nilimtukana.
Alituunguza wote wawili sawasawa."

Hakusema zaidi, nami sikumuuliza
Otwori alikwenda wapi.

Mchana, kwenye kibanda cha samaki,
msichana akaleta birika, beseni na sabuni.
Baba alikitazama kiganja chake, masizi hadi kwenye mistari,
akakifunga polepole, akakiweka chini ya meza.

Mjaluo, ngege mzima, kichwa na mkia,
akaomba uma.