Hesabu ya Alhamisi

Amman, mtaa wa Jabal Nadhif:
maji huja Alhamisi, usiku wa manane,
na huondoka kabla sijamaliza kufua mapazia.
Lita elfu mbili, tangi la bati juu ya paa,
ndiyo wiki yangu nzima:
chai, udhu, masufuria, shuka za mavyaa,
na choo.

Choo tulikirithi pamoja na nyumba.
Cha samawati, kizito, mgongoni lita kumi na tatu,
na kila ukikivuta hunguruma
kana kwamba kimefukuza jeshi,
kumbe kimefukuza kikombe cha mkojo.

Ghassan akasema: kipya dinari mia na arobaini,
bila fundi, bila saruji,
bila matusi ya kigae kilichovunjika kisichohusika.
Tumbukiza chupa ya mchanga kwenye tangi lake, yatosha.
Nikatumbukiza. Chupa ikalala ubavu,
ikakwamisha boya,
Jumapili tukaamka bomba linakohoa hewa.

Nimesomesha hesabu miaka thelathini na mmoja.
Nyuma ya bahasha ya umeme nikaandika:
watu watano, mara tano, lita kumi na tatu.
Mara siku saba:
elfu mbili, mia mbili sabini na tano.
Nikarudia. Jibu lile lile.
Choo kinakunywa kuliko tangi lenyewe!
Basi ama mimi nimezeeka,
ama humu ndani kuna mtu havuti.

Nikamtazama Laith, akaitazama simu yake.
Dada yake Rudaina akasema, mimi humwagia maji ya vyombo.
Ghassan akakohoa.
Na mavyaa, mwenye kujitia manukato
hata akienda kuanika soksi,
akainamisha shingo: Mwanangu, mimi usiku huacha.
Kumbe sote tulikuwa tukibana,
kimya kimya, kila mmoja
akijiona mchafu wa peke yake.

Fundi Abu Qutaiba hakuja na choo. Alikuja njaa.
Akaomba chupa ya achari ya figili,
figili akala, maji yake mekundu
akayamimina ndani ya tangi la choo.
Sasa tunywe kahawa, akasema, wala asivute mtu.
Kahawa ya pili haijapoa,
bakuli lote limegeuka waridi.
Huyu, akasema, anakunywa hata mkiwa mmelala.
Mpira ule: dinari moja na robo.
Ningeweza kukuuzia kipya. Ziba kwanza.

Ghassan akatabasamu siku tatu mfululizo.

Lakini mimi bahasha sikuitupa.
Nikamfundisha binti wa jirani hadi mtihani wake ukapita,
na kwa ada yake kikaja cheupe, vitufe viwili,
lita tatu kwa dogo, sita kwa kubwa.
Ghassan hubonyeza vyote viwili, kwa uhakika.
Mabomba yetu ni ya zamani,
siku nyingine kubwa hudai mara ya pili,
sitaficha.
Na bili? Haikushuka hata dinari mbili.
Maji ya serikali ni rahisi kuliko iliki;
ghali ni kutokuwepo kwake.
Ukiniuliza kama gharama ilirudi,
sijui, mwanangu. Bado naandika.

Ila Jumatano usiku hupanda paani
na kulibisha tangi kwa vifundo vya vidole,
nikianzia juu kushuka.
Penye hewa bati hulia kama sahani.
Penye maji halilii, linaitika tu.
Zamani nilibisha hadi nikapiga magoti
kwenye kinyesi cha njiwa
na bado likalia.
Leo limeitika usawa wa mshipi wangu.
Nikabisha tena, kama mtu
aliyekwenda kwa jirani akijua hayupo,
na mlango ukafunguliwa.

Chini, mavyaa amevuta.
Saa nane za usiku.
Akavuta tena, kwa raha zake.
Nasikia toka huku juu,
na sihesabu.